Je, wajua kwa nini damu yenye sukari nyingi huganda kwa wavu mgumu?

Ukipita ufuo wa Dunga hapa Kisumu asubuhi, omena wakianikwa, zitazame nyavu zilizolazwa kando ya mashua. Wavu wa mbuta una macho mapana. Mkono wa mtoto unapenya bila shida. Wa omena una macho madogo mno, hata kidole hakipiti. Mtu akikwambia uvikate vipande vyote viwili kwa mkasi mmoja, unajua ni upi utakaokuchosha.

Ndani ya mishipa yetu mna wavu pia. Watu husema mwenye ugonjwa wa sukari ana "damu nzito", na wanaosema hivyo wameona jambo la kweli. Ila shida kubwa haiko kwenye uzito. Iko kwenye wavu unaofumwa damu inapoganda.

Chukua kisa cha jikoni: unapara samaki, kisu kinateleza, kidole kinatoka damu. Kwanza chembe sahani, vile vipande vidogo vya damu vinavyoziba mianya, hukimbilia pale na kung'ang'ania ukingo wa jeraha. Kisha inaingia kazini protini iitwayo fibrinojeni, ambayo hutengenezwa na ini na kusafiri ikiwa imeyeyuka katika damu. Kimeng'enya kiitwacho trombini huikata ncha zake, na papo hapo protini hizo zilizopunguzwa ncha huanza kushikana na kuwa nyuzi ndefu za fibrini. Nyuzi hufumana, chembe nyekundu hunaswa humo kama samaki, na donge linaziba jeraha. Kidonda kikianza kupona, kimeng'enya kingine, plasmini, huja kuzikata nyuzi hizo kidogo kidogo mpaka donge liishe.

Sasa sukari inaingilia wapi?

Glukosi ina tabia ya kunata kwenye protini yenyewe, bila kusaidiwa na kimeng'enya chochote. Kadiri inavyokuwa nyingi na kukaa muda mrefu, ndivyo inavyonata zaidi. Kipimo kile ambacho kliniki nyingi hukiita cha miezi mitatu, HbA1c, hupima jambo hilo hilo: ni kiasi gani cha hemoglobini kimenatwa na sukari. Asilimia 6.5 au zaidi ni dalili ya kisukari. (Hapa kwetu kando ya ziwa, ambako selimundu imeenea, yafaa kujua hili: chembe nyekundu za kawaida huishi siku 120 hivi, lakini za mgonjwa wa selimundu hufa mapema sana, sukari haipati muda wa kunata, na kipimo hicho kinaweza kuonyesha nafuu isiyokuwepo. Mwambie daktari kabla hajakisoma.)

Fibrinojeni nayo hunatwa vivyo hivyo. Sukari hujishika kwenye sehemu za protini ziitwazo laisini, na hapo ndipo penye uzito wa habari hii yote, kwa sababu laisini ndizo mahali plasmini hushika ili ikate. Ni kama uzi uliopakwa gundi pale pale mkasi unapotakiwa kuuma. Isitoshe, wavu unaofumwa na nyuzi hizo hutoka umebanana, macho yake madogo, hivyo hata kinachokuja kuuyeyusha hupenya kwa taabu. Wavu wa omena, si wa mbuta.

Na hayo si yote. Mwenye kisukari mara nyingi huwa na fibrinojeni nyingi kuliko kawaida, chembe sahani zake huwa nyepesi kushikana, na katika kisukari cha aina ya 2 huongezeka pia protini inayozuia plasmini isiamshwe. Nyuzi nyingi, mkasi mchache.

Ndiyo maana donge dogo ambalo kwa mtu mwingine lingeyeyuka mapema, kwake linaweza kukaa, likakua, likaziba mshipa wa moyo au wa ubongo. Uwezekano wake wa kupata mshtuko wa moyo au kiharusi ni takriban mara 2 ya asiye na kisukari. Uso ukilegea upande mmoja, mkono ukikosa nguvu, maneno yakivurugika, usingoje kupambazuke. Mpeleke hospitali saa hiyo.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kushusha sukari chini kabisa ndiyo kinga. Ikishuka kupita kiasi, mwili humwaga adrenalini, nayo huzichochea chembe sahani zishikane.

Kinachonipa moyo ni kwamba wavu huu haufumwi mara moja ukabaki hivyo maisha yote. Fibrinojeni iliyo mwilini leo, karibu nusu yake huwa imeondoka baada ya siku 4 hivi, na ini hutoa nyingine. Ikiingia kwenye damu yenye sukari iliyotulia, hunatwa kidogo. Watafiti waliopima madonge ya wagonjwa wa kisukari cha aina ya 2 kabla na baada ya sukari kudhibitiwa waliona wavu ukilegea. Kadi ya kliniki itachukua miezi kuonyesha tofauti hiyo kikamilifu. Nyuzi zenyewe huanza kubadilika wiki ile ile.