Je, wajua seli hutambuaje kwamba nishati inapungua?

Panda ngazi mbio hadi ghorofa ya nne. Unafika juu unahema, na wakati huo ndani ya seli za misuli ya mapaja yako kuna kimeng'enya ambacho kimeshang'amua kwamba matumizi yamezidi mapato. Jina lake ni AMPK.

AMPK ni wa ukoo wa kinasi, ambao katika mwili wa binadamu una zaidi ya aina 500. Kinasi ya protini huchukua fosfati, yaani kikundi kidogo cha atomi, kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuibandika kwenye protini nyingine. Fosfati ina chaji hasi, kwa hiyo protini iliyobandikwa hubadili umbo, na kwa badiliko hilo huamka au hulala. Edmond Fischer na Edwin Krebs waliligundua jambo hili kwenye misuli katika miaka ya 1950, wakatunukiwa Nobel mwaka 1992.

ATP ndiyo nishati ambayo seli hutumia papo kwa papo. Ina fosfati tatu. Ikikatwa moja hubaki ADP, yenye mbili. Kwa siku moja mtu mzima hutumia na kutengeneza upya ATP yenye uzito unaokaribia wa mwili wake, ilhali iliyomo mwilini kwa wakati wowote haifiki hata nusu kilo. Mzunguko wa kasi namna hiyo unahitaji mlinzi.

Sasa, mlinzi huyo aangalie nini? Jibu linalokuja upesi ni ATP yenyewe. Lakini seli huing'ang'ania ATP kiasi kwamba hata kazi ikiwa nzito, kiwango chake hushuka kidogo tu. Nayo huifidia hivi: ADP mbili zikikutana, moja huipa mwenzake fosfati. Aliyepokea anakuwa ATP. Aliyetoa anabaki na fosfati moja, yaani AMP.

Hapa ndipo penye utamu. Tuseme kwa kila ATP 100 zipo ADP 10. AMP itakuwa 1 hivi. ADP zikifika 20 kwa kila ATP 100, AMP hazifiki 2 bali 4. ADP zikiongezeka mara tatu, AMP huongezeka mara tisa. Upungufu ambao usingeonekana kwenye ATP unapiga kelele kwenye AMP, na AMPK imeumbwa kusikiliza kelele hiyo hiyo.

Kimeng'enya hiki kina vipande vitatu: alfa, beta na gama. Kwenye gama mna vishimo ambamo AMP na ATP hugombania nafasi. AMP ikishinda, umbo zima hujikaza. Kinasi nyingine, LKB1, hubandika fosfati kwenye asidi amino ya 172 ya alfa, na umbo lile lililokazwa huikinga fosfati hiyo isibanduliwe. AMPK sasa iko macho.

Amri zake zina mantiki moja: punguza matumizi, ongeza mapato. Huzima kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa mafuta, na kwa kuzimwa huko mafuta yaliyopo hupata njia ya kuingia mitokondria, vinu vya nishati vya seli, yakaunguzwe. Utengenezaji wa protini mpya, ambao ni ghali mno, hupunguzwa kasi. Kwenye misuli inachangia kusogeza milango ya glukosi hadi kwenye utando wa seli, ili sukari ya damu iingie. Njaa ikizidi, seli huanza kumeng'enya hata sehemu zake zilizochakaa.

Ukishapumzika, ATP hurudi, AMP huondoka vishimoni, na vimeng'enya vinavyobandua fosfati hufikia ile ya alfa. AMPK hulala. Ila ikiamshwa mara kwa mara, kama inavyotokea kwa mtu anayefanya mazoezi siku nyingi mfululizo, husaidia kuwasha jeni za kujenga mitokondria mpya, na misuli ile ile huweza kutengeneza ATP nyingi zaidi kuliko awali.