Waya ukianguka ardhini: hesabu ya potensheli ya umeme kwa mwanafunzi na mkulima

Masika yakishika Pemba, mnazi ukiangukia laini ya umeme hushuka na waya wake. Watu wazima huwaambia watoto wasiuguse, na wanasema kweli. Lakini mtu anaweza kupigwa na umeme akiwa amesimama hatua mbili tatu kutoka kwenye waya huo, hajaugusa hata kwa kidole. Sababu yake wanafunzi wa kidato cha sita huikokotoa darasani kila mwaka bila ya kuihusisha na shamba la babu: ni potensheli ya umeme.

Chukua njia ya kupanda kutoka bandarini Mkoani. Kila mahali kwenye kilima kile pana mwinuko wake, apite mtu asipite. Mwenye gunia la karafuu atatoka jasho zaidi ya mwenye kikapu, na kilima ni kilekile. Potensheli ni kama mwinuko: ni sifa ya mahali. Chaji ndiyo mzigo. Zidisha chaji kwa potensheli, utapata kazi inayohitajika kuifikisha hapo, na ndiyo maana volti 1 ni jouli 1 (kipimo cha kazi) kwa kila kulombi 1 (kipimo cha chaji).

Chaji iliyokusanyika mahali padogo kama punje huitwa chaji nukta. Potensheli yake ni

V = kq/r

ambapo q ni chaji kwa kulombi, r ni umbali kwa mita, na k ni namba isiyobadilika, takriban 9 × 10⁹. Sufuri yetu iko mbali sana na chaji, kama vile mwinuko wa kilima unavyopimwa kutoka usawa wa bahari. Chaji chanya hufanya kilima, chaji hasi hufanya bonde, kwa hiyo alama ya kutoa isiachwe njiani.

Kosa ninaloliona zaidi kwenye madaftari ni kuandika r². Hiyo ni ya nguvu, katika kanuni ya Coulomb ya mwaka 1785. Umbali ukiwa maradufu, nguvu hubaki robo; potensheli hubaki nusu.

Tufanye hesabu. Chaji A ni nanokulombi +4 (nanokulombi 1 ni kulombi 10⁻⁹), chaji B ni nanokulombi −2. Nukta P iko sentimita 30 kutoka A na sentimita 20 kutoka B. Geuza kwanza sentimita ziwe mita.

Kutoka A: 9 × 10⁹ × 4 × 10⁻⁹ ÷ 0.3 = volti 120.
Kutoka B: 9 × 10⁹ × (−2 × 10⁻⁹) ÷ 0.2 = volti −90.

Jumla ni volti 30. Hakuna mishale ya kuchora wala pembe za kupima, kwa sababu potensheli haina mwelekeo. Chaji zikiwa kumi, unajumlisha namba kumi.

Sasa weka A na B umbali wa sentimita 60. Kwenye mstari kati yao, sentimita 40 kutoka A, utapata 90 na −90: potensheli ni sufuri. Wengi huandika kwamba hapo hakuna nguvu. Ipo. Chaji chanya ukiiachia hapo itasukumwa na A na kuvutwa na B kwa pamoja. Kusimama kwenye usawa wa bahari hakuzuii mteremko kuendelea chini ya miguu yako.

Kinachosukuma chaji ni tofauti ya potensheli. Kunguru aliyetua kwenye waya yuko kwenye maelfu ya volti na hadhuriki, kwani miguu yake miwili iko kwenye potensheli karibu sawa.

Turudi shambani. Waya ukigusa udongo, mkondo wa umeme husambaa pande zote. Huko kinachotawala ni mkondo na ukinzani wa udongo, si k na q, ila potensheli hupungua kwa mtindo uleule wa 1/r. Tuseme mita 1 kutoka mguso wa waya ni volti 3000. Mita 2 ni 1500, mita 10 ni 300, mita 11 ni kama 273. Anayepiga hatua ya mita moja kutoka ya kwanza hadi ya pili ana volti 1500 kati ya miguu yake. Hatua hiyohiyo huko mita 10 ni volti 27. Ng'ombe anaumia zaidi: miguu ya mbele ikiwa mita 1 na ya nyuma mita 2.5, ni volti 1800, na mkondo unapita kifuani.

Ukijikuta karibu na waya ulioanguka, usikimbie. Bana miguu, buruta nyayo kidogo kidogo bila ya kuziachanisha, mpaka uvuke mita 10 au zaidi, kisha piga simu ZECO, shirika la umeme la Zanzibar. Na ng'ombe aliyefungwa kamba karibu na waya, hata akilia vipi, usimfuate mpaka mafundi wathibitishe kuwa laini imezimwa.