Ghala la Vyanzo vya Mionzi Huanzia Kwenye Rejesta

Watu wengi wakisikia kwamba kambi ya jeshi inahifadhi vitu vyenye mionzi, hufikiria kuta nene, seng'enge na askari wa zamu. Vyote hivyo vinahitajika. Hata hivyo, yaliyotokea Lilo, karibu na Tbilisi katika nchi ya Georgia, yanaonyesha kuwa mlinzi hawezi kulinda asichojua kuwa kipo.

Lilo kilikuwa kituo cha mafunzo cha Kisovieti, ambako vyanzo vya sesiamu-137, elementi yenye mionzi, vilitumika katika mazoezi ya kupima mionzi. Kituo kilipoachiwa Georgia mwaka 1992, vyanzo hivyo vilibaki humo. Mwaka 1997 ilibainika kuwa askari vijana 11 wa kikosi cha mpakani walikuwa na vidonda vya ngozi vilivyosababishwa na mionzi. Kambi ilipopekuliwa kwa vipimo, vilipatikana vyanzo 12 vya sesiamu, kimojawapo kikiwa mfukoni mwa koti la baridi. Kitu chenyewe ni kidogo, hakitoi harufu wala mwanga, na aliyelivaa koti hilo hakuwa na sababu ya kukishuku. Kwa kuwa sesiamu-137 huchukua takriban miaka 30 kupungua nusu, miaka mitano ya kusahauliwa ilikuwa imepunguza nguvu yake kwa asilimia 11 hivi tu.

Ndiyo maana sisi wakaguzi huomba rejesta kabla ya kuomba funguo, ingawa najua daftari halimvutii mgeni rasmi kama mlango wa chuma. Kila chanzo kinapaswa kuandikwa aina yake, namba yake, kiwango cha mionzi na tarehe kilipopimwa, mahali kilipo na jina la anayekitunza, kisha kihesabiwe kwa vipindi na kupimwa kama kinavuja. Chombo chake cha madini ya risasi hubaki na alama ya mionzi, mbali na baruti, mafuta na kemikali, kwani moto ukizuka zimamoto lazima wajue wanachokikabili.

Hatari kubwa zaidi hujitokeza wakati wa makabidhiano, kikosi kimoja kinapohama na kingine kuingia. Hapo sahihi peke yake haitoshi: anayeondoka na anayepokea hukagua kila chombo pamoja wakiwa na mtaalamu wa kinga ya mionzi, hulinganisha namba na rejesta, na chanzo kisichohitajika tena hurudishwa kwa mtengenezaji au hupelekwa kwenye hifadhi ya taifa kabla kambi haijabadilisha mikono.