Je, Wajua kwa Nini Mbunge Humwuliza Waziri Swali Ambalo Jibu Lake Tayari Analo?

Mtu anayefuatilia vikao vya Bunge la Taifa jijini Nairobi hachukui muda kugundua jambo linaloshangaza kidogo. Mbunge husimama na kumwuliza waziri ni kiasi gani cha fedha kilichotengewa chuo cha kiufundi katika eneo bunge lake, na huku mkononi ameshika kitabu cha makadirio ya bajeti ambamo tarakimu hiyo hiyo imechapishwa. Wakati mwingine ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali imeshatoka, magazeti yameshaiandika, na wakazi wanaopita karibu na jengo hilo kila siku wanajua kuwa kuta zimesimama bila paa. Kwa nini basi aulize?

Anauliza kwa sababu tarakimu iliyo kitabuni haina mwenyewe. Waziri akishaitamka mbele ya Spika, nayo ikanakiliwa katika Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, inakuwa kauli ya serikali yenye tarehe na jina la aliyeitoa. Afisa aliyeiandika bajeti anaweza kuhamishwa na mwanakandarasi anaweza kutoweka, lakini kauli hiyo hubaki pale pale ilipoandikwa.

Desturi yenyewe ilizaliwa na kashfa ya fedha. Swali la kwanza la bungeni linalojulikana kuandikwa katika kumbukumbu liliulizwa London mwezi Februari 1721, katika Bunge la Malodi la Uingereza, baada ya kampuni ya South Sea kuporomoka na kuwafilisi watu wengi. Lodi Cowper alitaka serikali iseme kama ni kweli kwamba Robert Knight, mtunza fedha wa kampuni hiyo aliyekuwa ametorokea ng'ambo, alikuwa amekamatwa. Uvumi ulikuwa umeshaenea mjini. Kilichotakiwa ni mtu wa serikali kusimama na kuuthibitisha au kuukanusha.

Kenya iliurithi utaratibu huo kutoka Uingereza, na kwa miongo mingi mawaziri wake walikuwa wabunge walioketi katika ukumbi mmoja na waliokuwa wakiwauliza. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ilibadilisha mpangilio huo: kifungu cha 152 kinakataza waziri kuwa mbunge, na kifungu cha 153 kinamlazimu kufika mbele ya kamati ya Bunge la Taifa au ya Seneti anapotakiwa, na kujibu swali lolote kuhusu jambo lililo chini yake. Kwa takriban mwongo mmoja, maswali yakahamia katika vyumba vya kamati. Mwishoni mwa 2022 Rais William Ruto aliwaandikia maspika wa mabunge yote mawili akipendekeza mawaziri warudi kujibu maswali ukumbini, Kanuni za Kudumu zikarekebishwa, na mnamo 2023 wakaanza kufika.

Nakiri kwamba nilifurahia kurudi kwao, kwa kuwa ukumbi una macho mengi, na waziri anayejibu mbele ya nchi nzima huyapima maneno yake. Hata hivyo, nguvu ya kubana bado iko katika kamati. Ukumbini muda ni mfupi na maswali ya nyongeza huhesabiwa, ilhali kamati inaweza kuketi na waziri na makatibu wake asubuhi nzima, wapitie stakabadhi moja baada ya nyingine. Kifungu cha 125 kinaipa mamlaka sawa na ya Mahakama Kuu ya kuwalazimisha mashahidi kufika, kuwaapisha na kuwataka watoe nyaraka, na sheria ya mwaka 2017 kuhusu mamlaka na kinga za Bunge inaruhusu anayepuuza wito atozwe faini isiyozidi shilingi 500,000.

Lakini swali likiwa legelege, mamlaka yote hayo hayasaidii kitu. Tukirudi kwenye chuo chetu kisicho na paa, mbunge akiuliza, "Je, Waziri anafahamu kwamba ujenzi umekwama?", atajibiwa kwamba Waziri anafahamu, kwamba mchakato unaendelea, na kwamba kazi itakamilishwa fedha zitakapopatikana. Kila neno hapo ni kweli, na hakuna aliyejua zaidi ya alivyojua jana. Mbunge aliyejiandaa hulikata swali lake vipande: ni kiasi gani kilitengwa, kati ya hicho, ni kiasi gani kilitolewa na Hazina ya Kitaifa, na tarehe gani, kati ya kilichotolewa, ni kiasi gani alilipwa mwanakandarasi, na kwa kazi ipi iliyothibitishwa, na ni kiasi gani anachodai hadi leo?

Kutenga, kutoa, kulipa na kudaiwa ni mambo manne tofauti, na katika pengo lililo baina ya moja na jingine ndimo fedha za umma hukwama au hupotelea. Bunge likishapitisha bajeti, fedha hazitoki zenyewe: Katiba inataka Msimamizi wa Bajeti aidhinishe kila zinapochukuliwa kutoka mfuko mkuu wa serikali. Kwa hiyo waziri anaweza kusema bila kudanganya kwamba chuo "kimepewa" milioni kadhaa, ilhali kilichopewa ni mstari katika kitabu, na mwanakandarasi anazungushwa kwa mwaka wa pili akidai malipo yake. Swali lililokatwa vipande humnyima waziri mahali pa kujificha.

Mfano ambao wengi wetu tunaukumbuka ni wa Aprili 2004, Maoka Maore, aliyekuwa mbunge wa Ntonyiri, alipowasilisha bungeni nyaraka kuhusu mkataba wa mitambo ya kuchapisha pasipoti. Kampuni ya Ufaransa ilikuwa imetaja bei ya takriban yuro milioni 6, kisha kazi ikapewa kampuni iliyoitwa Anglo Leasing kwa takriban yuro milioni 30. Wiki chache baadaye, malipo ya awali yaliyokuwa yametolewa yalirudishwa kimyakimya. Fedha za serikali hazina mazoea ya kurudi zenyewe, na sioni jinsi zingerudi upesi hivyo kama karatasi hizo hazingewekwa mezani hadharani.

Kuhusu deni la taifa, Katiba imempa mbunge chombo ambacho naona hakitumiki inavyostahili. Kifungu cha 211 kinasema kwamba bunge lolote kati ya mawili likipitisha azimio, waziri wa fedha ana siku 7 za kuipa kamati husika maelezo kuhusu mkopo wowote unaotajwa: jumla ya deni, jinsi fedha zilivyotumika, mpango wa kulilipa na hatua iliyofikiwa katika kulilipa. Vivyo hivyo, kifungu cha 223 kinairuhusu serikali kutumia fedha ambazo Bunge halijaidhinisha, mradi zisizidi asilimia 10 ya bajeti ya mwaka huo, na idhini iombwe ndani ya miezi 2 tangu fedha za kwanza zitolewe. Mbunge anayeijua tarehe hiyo ya kwanza anajua pia ni siku gani waziri anakuwa amechelewa.

Yapo majibu yasiyoridhisha hata kidogo, na hapo wabunge wanaweza kwenda mbali zaidi. Hoja ya kumwondoa waziri huanzishwa na mbunge anayeungwa mkono na angalau robo ya wabunge wote; ikipata thuluthi moja, kamati ya wabunge 11 huchunguza madai. Mei 2024 hatua hiyo ilimfikia waziri wa kilimo kuhusu mbolea ghushi, na kamati ikaamua kuwa madai hayakuthibitishwa. Ni njia nzito na haitumiki mara nyingi.

Njia ya kawaida ni ya polepole zaidi. Mwaka unaofuata, chuo kikiwa bado hakina paa, mbunge yule yule husimama tena. Safari hii kitabu cha bajeti amekiacha kitini. Ameshika ukurasa mmoja wa Hansadi uliopigwa mstari kwa kalamu, na anaanza kusoma kwa sauti tarehe, jina la waziri, na kiasi ambacho waziri huyo alisema kimeshatolewa.