Mafuta yanapoamsha walinzi wa ubongo

Ndani ya chupa, asidi ya palmitiki, mojawapo ya asidi za mafuta, ni unga mweupe mithili ya nta. Haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 60. Nikitaka kuilisha seli, sina budi kuipasha moto kisha kuishikiza kwenye albumini, protini ileile inayoibeba katika damu. Mwenzake, asidi ya oleiki, iliyojaa tele katika mafuta ya zeituni, ni kimiminika. Palmitiki ina kaboni 16 zilizosheheni hidrojeni. Oleiki ina 18, na kifungo maradufu kimoja. Kwa mikroglia, kifungo hicho kimoja ndicho mpaka kati ya amani na vita.

Mikroglia ni seli za kinga za ubongo. Zikitulia, hunyoosha matawi membamba na kupapasa kila kilicho jirani. Zikishtuliwa na palmitiki, matawi hufupika, mwili hunenepa, nazo humwaga TNF-alfa na interlukini-1 beta, kemikali za kuita kinga vitani. Oleiki haizishtui hivyo.

Kwa muda mrefu tulieleza jambo hili kirahisi: kwamba palmitiki hukaa kwenye TLR4, kipokezi kilicho juu ya seli cha kutambua hatari, kama sumu ya bakteria, kwa kuwa sumu hiyo nayo ina mikia ya mafuta yaliyojaa hidrojeni. Maelezo hayo yanavutia, nami nimeyafundisha. Lakini mwaka 2018, utafiti wa makrofaji, binamu za mikroglia, ulionyesha kwamba palmitiki haikiamshi kipokezi hicho moja kwa moja. TLR4 huitayarisha seli kwanza, ikabadili namna inavyotumia mafuta. Palmitiki ikifika baadaye, inakuta kuni zimeshapangwa.

Katika ubongo, sehemu iitwayo haipothalamasi ndiyo huumia mapema, nayo ndiyo inayopima njaa na shibe. Panya wakilishwa mafuta mengi, dalili za inflamesheni, yaani mwako wa kinga, huonekana humo ndani ya siku tatu, kabla hawajanenepa sana. Nasisitiza mpangilio huo kwa sababu wengi hudhani unene hutangulia daima. Mikroglia zikipunguzwa kwa dawa, inflamesheni hiyo hupungua, panya hula kidogo, na leptini, homoni ya kutuliza njaa, husikika vizuri zaidi.

Panya hao wakirudishiwa chakula cha kawaida kwa wiki kadhaa, msongamano wa mikroglia kwenye haipothalamasi hupungua.