Pete ndogo haikuongezei shabaha

Wapiga shabaha wameambiana kwa miaka mingi kwamba pete ya kulengea iliyo mbele ya bunduki ikilibana duara jeusi la kwenye shabaha, ndipo utapiga katikati. Si kweli, na imani hiyo inawagharimu wengi alama.

Chukua bunduki ya hewa, inayopigwa umbali wa mita 10. Duara jeusi lina upana wa milimita 30.5, kwenye pete iliyo sentimita 90 hivi kutoka jichoni, linaonekana kama la milimita 3 tu. Ukifunga pete ya 3.2, weupe unaolizunguka unabaki uzi. Hakuna mikono inayotulia kabisa, kwa hiyo kila mtikisiko unaukata uzi huo upande mmoja: jicho linahangaika, kidole kinasita, pumzi inakwisha. Pete ya 4 huacha weupe wa kutosha, na jicho, hodari ajabu wa kulinganisha duara ndani ya duara, hulikalisha jeusi katikati lenyewe. Anayeanza, ambaye huyumba zaidi, aanze na kubwa zaidi.

Tundu la nyuma ya bunduki, ambalo jicho huchungulia, nalo upana wake ukishuka sana chini ya milimita 1, picha huingia giza na ukungu.