Dhana Potofu Kuhusu Kuwaandaa Vijana kwa Safari ya Mitumbwi na Milima

Kila likizo ya Aprili, Agosti na Desemba, makundi ya vijana wa makanisa, misikiti, shule na mitaa ya Nairobi hupanda mabasi kuelekea Sagana, Naivasha, Aberdare na Mlima Kenya. Walezi wanaowapeleka wengi wao hujitolea bila malipo, na ninawaheshimu kwa hilo. Hata hivyo, maandalizi yao mara nyingi hujengwa juu ya mambo yanayoaminika kwa sababu tu yamerudiwa sana, na baadhi ya mambo hayo yanaweza kumgharimu kijana maisha yake. Ninaanza na lile ninalolihofia kuliko yote.

Dhana: Anayejua kuogelea hahitaji jaketi la kuokoa maisha.

Kijana aliyejifunza kuogelea katika bwawa amezoea maji yaliyotulia, yenye ukingo wa kushika na sakafu anayoiona. Mto Tana pale Sagana una mkondo, mawe na matawi yaliyozama, na mtumbwi unapopinduka hakuna anayepewa nafasi ya kujiandaa. Maji baridi yakimpata mtu ghafla humfanya avute pumzi bila kutaka, na kichwa chake kikiwa chini ya maji wakati huo, anachovuta si hewa. Aidha, aliyegonga kichwa kwenye jiwe hawezi kuogelea hata kama ni bingwa wa shule, ilhali jaketi humwelesha hata akiwa amezirai. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu.

Kuwa na majaketi pekee hakutoshi, kwa kuwa jaketi lisilomkaa mtu vizuri halimsaidii. Funga vifungo vyote, kaza mikanda kuanzia kiunoni kwenda juu, kisha ushike mabega ya jaketi na uyavute juu kwa nguvu. Likipanda hadi masikioni, au kidevu kikizama ndani yake, ni kubwa mno kwa kijana huyo. Jaribio hilo lifanyike Nairobi, katika bwawa, wiki kadhaa kabla ya safari, vijana wakiwa wamevaa nguo watakazovaa mtoni, ili kila mmoja ajue jinsi anavyoelea na jinsi suruali iliyolowa inavyomvuta. Asiyejua kuogelea anaweza kushiriki katika maji yaliyotulia akiwa na jaketi na mkufunzi aliyehitimu, lakini mlezi lazima awe amemtambua mapema.

Wengi pia huamini kwamba anayezama atapiga kelele. Mara nyingi hawezi, kwa sababu mdomo wake huibuka kwa muda mfupi tu, na muda huo wote huutumia kupumua. Kwa hiyo mlezi anayesikiliza badala ya kutazama atachelewa. Na akimwona anayezama, asimrukie majini bila mafunzo, kwa maana anayezama humkumbatia anayemwokoa na wote wawili huenda chini. Amrushie kamba au boya, au amnyoshee kasia.

Dhana: Mvua isiponyesha tulipo, korongo ni salama.

Aprili 2012 mafuriko ya ghafla yaliwaua watu saba wa kundi la vijana wa kanisa ndani ya korongo la Hell's Gate, hifadhi ya taifa iliyo karibu na Naivasha. Septemba 2019 mafuriko mengine mahali hapohapo yakawaua watu saba tena. Maji ya korongo hutoka kwenye miinuko iliyo mbali, kwa hiyo jua linaweza kuwa linawaka juu ya vichwa vya vijana huku mvua kubwa ikinyesha mahali wasipopaona. Korongo ni jembamba na kuta zake ni ndefu, na maji yakifika hupanda kwa dakika chache.

Kiongozi anapaswa kuuliza kuhusu mvua ya eneo zima, si ya pale langoni tu, na kuwatii askari wa hifadhi wanapofunga njia hata kama nauli imekwisha kulipwa. Aliye ndani ya korongo akiona maji yaliyokuwa safi yamegeuka tope, au yakianza kubeba majani na vijiti, au akisikia mvumo kutoka juu, apande sehemu ya juu iliyo karibu mara moja. Asikimbie kufuata korongo kuelekea chini. Katika miezi ya masika na ya vuli, mimi singelipeleka kundi la vijana korongoni kabisa.

Dhana: Mcheza mpira mwenye nguvu hasumbuliwi na mwinuko, na isitoshe sisi wa Nairobi tumezoea.

Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ugonjwa wa mwinuko huanza kuwapata watu wanapopita takriban mita 2,500, na Kilele cha Lenana katika Mlima Kenya kiko mita 4,985, kwa hiyo mazoea yetu ya Nairobi ni kinga ndogo sana. Nguvu za misuli nazo hazimkingi mtu. Kijana mwenye mapafu mazuri mara nyingi ndiye anayeumwa, kwa kuwa hupanda haraka akiwaacha wenzake nyuma.

Tatizo huanzia kwenye ratiba. Ushauri unaokubalika ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali unapolala pasizidi pa jana yake kwa zaidi ya mita 500 hivi. Katika njia ya Sirimon ya kupandia mlima huo, kambi ya Old Moses iko takriban mita 3,300 na ya Shipton's takriban mita 4,200. Kundi linalolala Old Moses leo na Shipton's kesho limekwisha kuuvuka mpaka huo, na usiku mmoja zaidi wa kuzoea hewa hugharimu kidogo kuliko kumbeba mgonjwa hadi chini. Kijana anayelalamika kuumwa kichwa, kichefuchefu na uchovu asipandishwe zaidi. Akianza kuyumba anapotembea, kuchanganyikiwa, au kuhema hata akiwa ameketi, anateremshwa saa hiyohiyo, iwe ni mchana au usiku wa manane, na mtu mzima ateremke naye. Aliye na selimundu aonane na daktari kabla jina lake halijaandikwa kwenye orodha ya mlima.

Dhana: Kenya ni nchi ya joto, baridi haiwezi kumuua mtu.

Katika Aberdare mvua na upepo vinaweza kumwangusha kijana hata mchana. Maji huondoa joto mwilini haraka kuliko hewa, na suruali ya jinzi au fulana ya pamba ikilowa hukaa imelowa siku nzima. Ninawaomba wazazi wawape watoto sweta ya sufu, au nguo ya poliesta ambayo hata katika soko la Gikomba inapatikana kwa bei nafuu, pamoja na koti la mvua na seti moja ya nguo kavu isiyoguswa hadi wakati wa kulala. Kijana anayetetemeka, anayeburura maneno na kushindwa kufunga zipu yake anahitaji nguo kavu, chakula na joto papo hapo. Akiacha kutetemeka ilhali bado amelowa, hali yake imezidi kuwa mbaya.

Mizigo nayo ipimwe, isizidi robo ya uzito wa kijana mwenyewe.

Dhana: Maji tutanunua ya chupa, na ya mlimani ni safi kwa vile yanang'aa.

Tangu Juni 2020, plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi na misitu inayolindwa nchini, chupa za maji zikiwemo. Kila kijana abebe chupa ya kudumu. Maji ya kijito yanaweza kung'aa na bado yakawa na vimelea vya kuhara au vya homa ya matumbo, kwa hiyo yachemshwe yatokote dakika moja, na juu ya mita 2,000 yatokote dakika tatu, kwa sababu huko maji hutokota kabla hayajawa moto vya kutosha.

Dhana: Aliyeumwa na nyoka achanjwe kwa wembe, anyonywe sumu na afungwe kamba.

Hapana, na lile jiwe jeusi la nyoka nalo halinyonyi sumu. Mtulize, mvue pete na bangili kabla hajavimba, kiungo kilichoumwa kifungwe kijiti kisitikisike, na apelekwe hospitali akiwa amebebwa.

Dhana: Mwelekezi wa kule atajua la kufanya.

Mwelekezi anaijua njia, lakini hamjui kijana wenu mwenye pumu wala yule anayepatwa na kifafa. Fomu ya mzazi isiwe ya sahihi tu, bali ieleze ugonjwa, dawa, mzio na namba ya simu inayopokelewa, na nakala yake iwe mfukoni mwa mlezi. Katika Tuzo ya Rais, mpango wa kuwakuza vijana ambao umekuwepo Kenya tangu 1966, vijana hufanya safari ya mazoezi kabla ya ile ya kupimwa. Kundi lolote linaweza kuiga utaratibu huo kwa kutembea siku nzima katika Milima ya Ngong na mizigo kamili. Huko ndiko viatu vinavyobana hugunduliwa.

Dhana: Tuna simu, tutapiga.

Mabondeni na ndani ya msitu mtandao hukatika, na betri huisha upesi kwenye baridi. Namba 999 na 112 husaidia pale tu penye mawimbi. Kabla basi halijaondoka, mtu mmoja anayebaki Nairobi aachiwe majina yote, njia, mahali pa kulala kila usiku na saa ya kurudi. Aambiwe pia saa ambayo, asipopata habari, atampigia simu msimamizi wa hifadhi bila kusubiri asubuhi.